Mwaka wa Meza ya Toba

Neema alinipigia simu asubuhi, nikiwa ninachagua mchele uani kwangu hapa Kasongo. Hakulia. Alisema, "Mama mukubwa, mama ametuacha," nami nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Feza, mama yake, alikuwa rafiki yangu tangu ujana, na nilikuwa nimemwona miezi michache tu iliyopita, kule kwake Salamabila, penye machimbo ya zahabu, akinitania kwamba nimenenepa kwa chakula cha mikutano ya kanisa. Nilingoja kitu kinipande kifuani. Hakikupanda. Nimezoea; moyo wangu ulikufa ganzi zamani, na watu wanaosema huwa inapita hawakunieleza inapita lini. Nikamwuliza mtoto kama wamekwisha kumwosha mama yake. Akasema ndiyo, ila kuna neno. "Mchungaji wa hapa alikuja. Anauliza mama aliokoka lini. Anasema kama hakuna siku ya kuokoka, na ubatizo hakuna, kwaya haitaimba na yeye hataomba kwenye kaburi. Wachimbaji watamuzika wao wenyewe. Mama mukubwa, wewe ndiyo ulimujua zamani. Mama aliokoka lini?" Nikamwambia, "Musimuzike. Ninakuja." Kisha nikamwita kijana wa jirani mwenye pikipiki, nikafunga nguo mbili ndani ya kikwembe cha kujifunga, na mchele nikauacha palepale.

Njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, ndiyo ya Salamabila pia, inampa mtu nafasi ya kufikiri, maana matope hayamruhusu kufanya lingine. Mwenye kutaka habari za ukoo wangu awaulize wajomba zangu, wao wanapenda kuzisimulia. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusema. Nilikuwa nimetimiza miaka ishirini, vita ilikuwa imetutoa vijijini, na kanisa la Kasongo lilikuwa limetupokea sisi tuliotoka barabara ya Kabambare, likatugawa katika nyumba za Wakristo. Mimi na Feza tulipewa nyumba ya Mzee Yoeli, mkubwa wa wazee wa kanisa, na mke wake Mama Marta. Chumba chetu kilikuwa na mkeka mmoja, dirisha dogo lililozibwa kwa gunia, na ukuta wa udongo usiofika kwenye paa. Juu ya ukuta ule maneno yalikuwa yanapita yanavyotaka. Tuliwasikia wakiomba, wakibishana juu ya chumvi, wakihesabiana makosa ya wakwe. Feza alikuwa anajifunga kitambaa mdomoni asicheke. Mimi nilikuwa ninasikia tu, kwa namna mtu anavyosikia mvua.

Lazima niseme jinsi tulivyofahamiana, la sivyo mengine hayataeleweka. Tulikuwa kundi moja tukikimbia. Kwenye bariera moja, kizuizi cha barabarani, askari waliwaacha wengine wapite, mimi wakanibakiza. Yaliyotokea pale sitayaeleza. Waliponiachia mvua ilikuwa inanyesha, na kapu langu la mchele lilikuwa limemwagika barabarani. Watu wetu wote walikuwa wamekwenda, nami siwalaumu. Kwenye kona ya mbele, chini ya majani ya ndizi, alikuwa amekaa msichana mmoja niliyekuwa simjui hata jina. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Akavua kikwembe chake cha juu, akanifunika, akasema, "Mimi ni Feza. Tutembee." Hakuniuliza kitu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Tangu pale mpaka Kasongo alikuwa anaongea peke yake, habari za kuku, za shangazi zake, za mchumba wake Daudi, mwalimu wa Lusangi, ambaye eti masikio yake ni makubwa lakini roho ni nzuri.

Kule Kasongo tuliingizwa katika darasa la ubatizo. Lilikuwa darasa zuri, sisemi vibaya. Tulijifunza kwamba wote wamefanya zambi, kwamba hakuna wa kujitoa mwenyewe, kwamba Mwokozi alichukua yasiyokuwa yake akayafia. Nilikuwa ninayajibu maswali yote bila kukosa. Mama Marta alisema nina kichwa. Lakini kanisa letu la wakati ule lilikuwa na desturi yake: juma moja kabla ya ubatizo, kila mmoja alisimama mbele ya meza ya wazee, mbele ya wenzake wote, akataja kwa jina zambi ambayo Yesu amemwokoa nayo. Kusema "mimi ni mwenye zambi" hakukutosha. Mzee Yoeli alikuwa anainua kidole: "Gani? Itaje!" Aliyekosa la kutaja alirudishwa darasani mwaka mzima, kwa kuwa mtu asiyejua alichookolewa nacho bado hajaokoka. Ndivyo walivyoamini, na walikuwa wanaamini kwa moyo safi.

Sasa fikiri, darasa la vijana waliokulia katika sala za asubuhi na jioni, watoe wapi zambi za kutosha? Wakaanza kuzitunga. Na mwenye kuwatungia alikuwa Feza. Tulipokuwa tunatwanga mchele uani kwa Mama Marta, wanakuja mmoja mmoja, wananong'ona, naye anawagawia bila kuacha kutwanga. "Wewe, chukua kuiba kuku. Kuku wa nani? Wa nyanya yako, alishakufa, hatabisha. Wewe, chukua kutukana baba." Kijana mmoja mkubwa, mwimbaji wa sauti nene, alikataa ya kuku. "Feza, mimi ni mutu muzima. Unipe kitu ya kuonekana." Akampa ulevi. Yule bwana hakuwahi kuonja hata tone la pombe, akalazimika kuja kuuliza mlevi anatembeaje. Uwanja mzima tulicheka; nasema tulicheka kwa sababu mdomo wangu pia ulifunguka. Kisha Feza akanigeukia mimi, akanitazama kidogo, akasema kwa sauti nyingine, "Wewe utasema hasira. Hasira inamutosha kila mutu."

Zambi ninazo, watu wasije wakadhani ninajiosha hapa. Nimesengenya, nimewadharau watu maskini kuliko mimi, na mke wa mwanangu wa kwanza nilimtendea vibaya miaka kadhaa mpaka nikamwomba radhi mbele ya watoto wake. Kwa hizo ninamhitaji Mwokozi, na ninamwita kila asubuhi bila haya. Lakini mwaka ule niliulizwa juu ya kitu kingine kabisa. Niliulizwa juu ya nilichotendewa, na kikapewa jina la nilichotenda. Mimi mwenyewe sikujua tofauti. Nilikuwa ninakula mboga ya sombe ya Mama Marta bila kujua kama ina chumvi. Nilikuwa ninaimba sauti ya pili bila kukosea. Usiku ninalala, asubuhi ninaamka, na katikati hakuna kitu. Mtu akiwa hivyo, ukimwambia amechafuka atakubali, ukimwambia ni safi atakubali vilevile.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, tukiwa chumbani kwetu tunakunja nguo, tuliposikia Mzee Yoeli akila upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anakula polepole, na Mama Marta anamwongezea mboga. "Mama," akasema, "nimeletewa neno baya. Kati ya wasichana waliotoka Kabambare, mumoja alikuwa na askari." Mama Marta akauliza, "Alikuwa nao namna gani?" "Alikuwa nao. Ni mumoja tu, lakini hatujui ni nani. Tutawauliza wote kwenye meza, mumoja mumoja, mupaka atoke. Hatuwezi kumuingiza katika maji na kitu kama ile. Kanisa yote itachafuka." Nikasikia kijiko kikigonga sahani. Kisha Mama Marta: "Na kama hakutaka?" Na Mzee: "Kama hakutaka angepiga kelele." Feza alikuwa ameshika kikwembe upande mmoja, mimi upande wa pili. Hakuniangalia. Aliendelea kukunja, akanijia mpaka mikono yetu ikagusana, akachukua upande wangu, akakiweka kikwembe juu ya vingine. Nilijua kwamba nitaulizwa, na nikiulizwa sitaweza kusema hapana, kwa kuwa sikuwa na nguvu hata ya kusema uongo. Nitaitwa malaya wa askari katika mji ambao sina mtu. Nilijua yote hayo. Hofu ndiyo sikuiona.

Meza ya toba iliwekwa ndani ya kanisa, mbele ya mimbari, na kitambaa cha buluu juu yake. Wazee walikaa nyuma yake, na Mzee Yoeli katikati. Wale wa mjini walitangulia. Kuku wa nyanya aliibwa, baba akatukanwa, na yule mwimbaji akakiri ulevi kwa sauti nene hivi hata mama mmoja nyuma akasema "Yesu!" Wote walipita. Kisha wakaanza kuita sisi wa barabara ya Kabambare. Msichana wa kwanza, aliyekuja na kundi jingine, akataja wivu. Mzee akamwuliza, "Na askari?" Akalia kwa kushtuka, akaapa kwa jina la mama yake. Wa pili vilevile. Kisha nikasikia, "Riziki." Nikasimama. Nikaenda mpaka mbele ya meza, nikaangalia kitambaa cha buluu. Kilikuwa na alama ya pasi. Mzee akasema, si kwa ukali, alikuwa ananipenda, "Binti yangu, itaje." Nikasema, "Hasira." Akasema, "Vema. Na askari?" Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikasimama hivyo hivyo, mdomo wazi, na nikasikia benchi nyuma yangu zikianza kuguna.

"Mzee, usimuchokeshe huyo. Unanitafuta mimi."

Sikugeuka. Nilimsikia Feza akija, kandambili zake zikipiga sakafu. Akasimama pembeni yangu, bega kwa bega. "Ile maneno ya askari, ni mimi," akasema. Mzee Yoeli akaweka mikono miwili juu ya meza. Akauliza ilikuwa wapi. Feza akasema: kwenye bariera. Akauliza ilikuwaje. Na Feza akasimulia. Alisimulia siku yangu. Mvua, kundi lililoachiwa lipite, kapu lililomwagika, mchele mweupe katika matope. Vitu ambavyo sikumwambia kamwe, alivyoviona mwenyewe kutoka kwenye ile kona, au alivyovisoma kwangu nilipotokea. Hakuongeza, hakupunguza. Nilisikiliza kama habari ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimwonea huruma yule msichana. Nilifikiri, maskini, nani atamsaidia? Mzee mmoja wa pembeni aliinamisha kichwa. Lakini Mzee Yoeli alikuwa na swali lake, ndilo alilolileta kutoka nyumbani. "Ulikubali?" Feza alijua kwamba akisema hapana wataendelea kuchimba, wataita wale tuliokimbia nao, wataulizana nani alibaki na nani alipita. Akasema, "Nilikubali." Mzee Yoeli akafunga macho. Alipoyafungua akaniambia mimi, "Riziki, pita." Nikapita.

Feza aliwekwa inje ya kanisa. Hakufukuzwa nyumbani, Mama Marta alikataa hilo kwa kelele tulizozisikia juu ya ukuta, ila alianza kula peke yake jikoni. Shangazi yake Daudi alikuja kutoka Lusangi siku chache baadaye, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa maji, akasema ukoo wao haumwiti tena Feza kwa jina la mkwe. Feza akamrudishia taa na vikwembe alivyopewa. Daudi mwenyewe hakuja. Jioni ile nilimwambia, "Nitakwenda kwa Mzee nimwambie." Alikuwa anachochea moto. "Umwambie nini?" "Kwamba ni mimi." Akasimama, akanishika mabega, na ndiyo mara ya pekee niliyomwona na hasira ya kweli. "Ukisema, tutakuwa wawili. Mimi nimekwisha kuingia, sasa unataka tuingie wote tufanye nini mule? Funga kinywa yako, Riziki. Ukifungua, nitasema una kichaa, na wataniamini mimi, maana mimi ndiyo nimeungama." Kisha akarudi kwenye moto, akauliza kama nimeonja mboga. Sikuwa nimeonja.

Siku ya ubatizo tulishuka kijitoni chini ya misheni, tumevaa nyeupe. Aliyetengwa hakuruhusiwa kukaa na kanisa, lakini hakuna aliyeandika sheria ya mtu kusimama kwenye majani, kwa hiyo Feza alisimama kwenye majani. Mchungaji wa wakati ule akanishika mkono, akaniuliza kama ninaamini kwamba kuna mmoja aliyechukua zambi zangu akawekwa mahali pangu. Nikasema ninaamini. Nilikuwa ninasema kweli kuliko alivyojua. Akanizamisha. Maji yalikuwa baridi. Watu walilia, walicheka, yule mwimbaji alitoka anapiga kelele za furaha, na furaha yake ilikuwa ya kweli hata kama ulevi haukuwa. Mimi nilitoka nimelowa. Kwenye ukingo Feza akanifunga kikwembe kikavu, akanisugua mgongo. "Umesikia kitu?" akaniuliza. Nikasema, "Baridi." Akasema, "Bon, haya, ni mwanzo."

Mwaka ulipokwisha alikwenda Salamabila, akawapikia wachimbaji, akaolewa na mmoja wao, akazaa Neema, akafiwa na mume. Kanisa lake la huko alikuwa analifagia kila Jumamosi, lakini Jumapili anabaki nyumbani. Nilipomtembelea alikuwa anawapigia kelele wateja wake: "Mama wa kanisa amefika, ficheni chupa!" Wachungaji walibadilika, desturi ya meza ilikwisha kabisa, Mzee Yoeli alifariki katika amani, na kila mara nilipomwambia Feza kwamba sasa inatosha, alinijibu kwamba nina watoto wanaooa, nina wakwe, nikae kimya. Alikuwa anaweka ugali mbele yangu na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilifika kilioni siku ya pili, matope mpaka magotini. Feza alikuwa katika sanduku chini ya hema la plastiki, wanawake kwenye mikeka, wachimbaji wamesimama na makoti yao ya udongo. Mchungaji alikuwa kijana, mwenye adabu, Biblia chini ya kwapa. Akanisalimia, "Bwana asifiwe, mama. Wanasema wewe utatuambia. Mimi sitaki kumuhukumu mutu. Lakini siwezi kusimama mbele ya Mungu niseme dada huyu ni wetu kama sijui siku aliyookoka." Nilimwambia anipe nafasi niseme mbele ya wote. Mwanangu wa pili alikuwa amefika kutoka machimboni, amesimama kule nyuma; hakujua kitu, na baba yake alikufa bila kujua. Nikasema hivyo hivyo nilivyoandika hapa: bariera, ukuta, meza, majani. Nilitaja jina langu pale lilipostahili kutajwa. Sauti yangu haikutetemeka, maana hakuna kilichokuwa kinatetemeka ndani. Nilipofika kwenye "Nilikubali," mama mmoja akajifunika uso. Mwishoni nikamwambia kijana yule, "Siku aliyookoka sijui, Mungu anajua. Mimi nimeleta siku aliyosimama pahali pangu. Kama haitoshi, basi tutamuzika sisi, na wewe uende nyumbani."

Hakwenda. Akasema polepole, "Mama, ile haikuwa zambi yako." Kichwa changu kilikuwa mvi tupu, na ndiyo mara ya kwanza mtu wa kanisa kuniambia hivyo. Nikasema, "Asante, mutoto yangu." Akavua koti lake, akaliweka juu ya kiti, akaenda kushika kona ya sanduku pamoja na wachimbaji. Kule nyuma mwanangu hakuwa ananiangalia. Alikuwa anapangusa uso kwa mkono wa shati. Neema akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Mama alijua kama ni uongo, na akabaki inje miaka yote?"

"Alijua."

"Aliwezaje kukosa kurudi aseme kweli? Alikuwa analia Jumapili, mama mukubwa. Nilikuwa ninamusikia."

Hilo la kulia nilikuwa silijui. Feza hakuniambia. "Angesema kweli," nikamwambia, "wangeuliza basi ni nani." Neema akaniegemea begani, na kwaya ikaanza kuimba, na mimi nikalia.